Helmeti ya Sema Tena

Waendesha pikipiki wenzake walimwita Sema Tena, tena mbele ya wateja, bila haya. Jina hilo alilipata kihalali. Kazi yake ilikuwa kupeleka vifurushi vya watu: dawa, vipuri, nguo zilizotoka kwa dobi, keki za wenye haraka. Ukimpigia simu akiwa barabarani, unachosikia kwanza ni mngurumo, halafu sauti ya mtu anayepayuka kutoka ndani ya pipa: "Sema tena?" Ukirudia, anauliza tena. Wengine walichoka wakakata simu. Wengine walimporomoshea matusi, na kwa kuwa matusi nayo hayakumfikia sawasawa, aliwajibu ahsante.

Sasa wewe mwenye gari lako, unayepandisha vioo ukaongea na simu kama uko sebuleni kwako, usimcheke. Kichwa kilichofungiwa ndani ya helmeti kina mambo yake. Upepo unaingilia chini ya kidevu, unazunguka masikioni, unapiga kama shuka lililosahauliwa kwenye kamba. Ukiongeza sauti ya simu, makelele yanapanda pamoja nayo. Ukichomeka vile vidude vya masikioni, helmeti ikishuka inavikunja, kimoja kinaangukia shingoni na kingine kinazama sikioni mpaka unaona nyota. Wala usiniambie angesimama kila simu inapolia. Kule ofisini kulikuwa na mama mmoja aliyepanga safari za wote, waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki, na huyo alikupigia kukubadilishia njia ya mzigo wa tatu kabla hujashusha wa kwanza.

Kibaya zaidi, upepo haukula maneno yote kwa usawa. Ulikuwa unachagua. Maneno manene ulimwachia, membamba ukayafyonza, na hakuna kitu ulichokipenda kama ile "si" ndogo inayojibana katikati ya neno mtu anapokukataza jambo. Redio anasema, "Usipinde kushoto." Sema Tena anasikia "upinde kushoto," anapinda, anajikuta uani kwa watu katikati ya nguo zilizoanikwa, na mbwa yuko nyuma yake. Siku moja mwenye keki alimpigia akiwa njiani kumsihi, "Usiilaze, kaka, tafadhali." Sema Tena, mtu wa adabu, akasimama pembeni, akailaza keki vizuri, akaikaza kwa kamba. Hadithi hiyo ilisimuliwa kituoni kwao mpaka ikachakaa, na kila aliyeisimulia aliiongezea keki ukubwa.

Aliishi na mama yake katika vyumba viwili vyenye kibaraza. Baba alishafariki zamani, ndugu hakuwa nao, na mke aliyewahi kumwoa aliondoka bila ugomvi, akisema nyumba ile ilikuwa imeshajaa kabla yeye hajaingia. Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa kibarazani, na majirani walijua kumekucha kwa kusikia mguu wake. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, ambao aliuchukulia kama mgeni asiyealikwa: humfukuzi, humkaribishi, unamwacha akae. Na alikuwa na tabia moja ambayo lazima niieleze mapema ili baadaye mtu asinilaumu. Mama huyo hakurudia neno. Mteja aliambiwa siku ya kuja kuchukua nguo mara moja tu. Mwanafunzi wa kushona aliambiwa kipimo mara moja, akikosea ananunua kitambaa. Ukimuuliza amesemaje, anakujibu, "Nimeshasema," na mguu unarudi kwenye kanyagio.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyejaliwa mtoto anayeitwa Sema Tena.

Kila siku mchana alimpigia mwanawe simu isiyo na salamu. "Uko wapi? Usikimbize." Basi, hiyo ndiyo simu nzima. Mwanawe anapayuka ndani ya upepo, "Sema tena, mama?" na huku simu imeshakatwa. Jambo hilo lilimuuma kuliko matusi yote ya wateja. Maneno aliyajua, hayakubadilika hata siku moja, lakini alitaka kuyasikia, si kuyakisia. Alijiona kama mtu anayewekewa chakula kila siku mezani na hakifikii.

Alikuwa na rafiki, fundi simu, ambaye banda lake lilikuwa na ukubwa wa kabati na yeye mwenyewe alikuwa na ukubwa wa kabati, kwa hiyo mteja alisimama nje. Wawili hao wakaanza kuhangaika na helmeti ile kama watu waliolishwa kitu. Kwanza walinyofoa spika mbili ndogo kwenye kifaa kibovu, wakazibandika ndani kwa gundi. Zikadumu mpaka jasho la kwanza. Wakaziba matundu ya hewa ya juu, upepo ukapungua, na Sema Tena nusura azimie kwa joto katikati ya barabara. Wakaivika maiki sponji, na hapo wakafanikiwa kwa upande mmoja: watu sasa walimsikia vizuri kabisa akiuliza "sema tena?" Mwishowe fundi akapata spika za kisasa, bapa kama biskuti, zinazoshika sauti ya simu bila waya. Upepo ukazila hizo nazo.

Fundi alikaa na jambo hilo siku kadhaa, akawa anavaa helmeti ile bandani mwake na kuwaogofya wateja, mpaka akapata jibu. Tatizo halikuwa ukubwa wa sauti, lilikuwa mahali. Spika inatakiwa itazamane na tundu la sikio uso kwa uso, alisema. Ikihama upana wa kidole tu, sauti nene zinabaki, nyembamba zinapotea, na "s" ndiyo nyembamba kuliko zote. Shida ni kwamba helmeti ikishavaliwa, nani anaona tundu la sikio liko wapi? Wakapima kwa rula. Wakapima kwa macho. Wakagombana mpaka kibarazani kwa mama.

Aliyeumaliza ugomvi ni mama. Alikuwa anawasikiliza kibarazani, pini mdomoni, na alipochoka nao alizitemea pini kiganjani, akamwamuru mwanawe akae. Alichukua chaki yake ya kuchorea nguo, akaisaga, akampaka masikio yote mawili, na lile jitu zima likatulia likipakwa kama mtoto anayepelekwa kupigwa picha. Akamwambia avae. Akamwambia avue. Ndani ya helmeti, kwenye kile kigodoro cheusi, kulikuwa na masikio mawili meupe, kila moja mahali pake. Mama akashona mifuko miwili midogo juu ya alama hizo, kwa mkono, mishono ya kubana, akaziingiza spika ndani. Kisha akakata kipande cha bitana ya koti, akashona kama kibwebwe chini ya kidevu kuzuia upepo. Fundi simu alishika helmeti akaigeuzageuza, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuongeza.

Kesho yake simu ya mchana ililia akiwa kwenye barabara kuu.

"Uko wapi? Usikimbize."

Akaisikia. Yote, pamoja na ile "si", kavu na safi kama alivyoitoa mwenyewe mdomoni. Sema Tena alicheka peke yake ndani ya helmeti. Akamwambia, "Mama, nakusikia kama umo humu ndani."

Mama hakukata simu, kinyume cha kawaida yake. Halafu akasema, "Basi usikimbize nikiwemo."

Maneno hayo alitembea nayo mwezi mzima. Aliwasimulia kituoni, akamsimulia Redio, akawasimulia hata wateja waliotaka vifurushi vyao tu. Mama naye, asiyejisifu, alisikika akimwambia mteja kwamba mwanawe siku hizi akiambiwa jambo anasikia mara moja, na kwamba dawa yake ilikuwa sindano na uzi. Wenzake wakaleta helmeti zao, wakapakwa chaki mmoja mmoja kibarazani, madume yenye ndevu. Jina la Sema Tena likaanza kupauka. Kulikuwa na siku nzima iliyopita bila mtu kulitaja, na yeye alilikumbuka mwenyewe jioni.

Na sindano ndiyo iliyowaharibia. Sukari ilikuwa imeshaufisha unyayo wa mama bila yeye kumwambia mtu. Sindano ya cherehani ilikatika, kipande kikaanguka sakafuni, akakikanyaga, kikaingia kisiginoni, na hakuhisi kitu. Alishona nacho. Alikanyaga kanyagio siku baada ya siku na chuma ndani ya mguu, na kilichomjulisha mwanawe ni harufu. Akamvua soksi, akaona. Akampandisha kwenye pikipiki nyuma yake, akamfunga kwa kanga kiunoni kwake, akamkimbiza hospitali, na mama njia nzima alikuwa anamgonga mgongoni kumwambia apunguze mwendo.

Akalazwa. Daktari aliyemshika alikuwa dada mmoja mpole, aliyevuta kiti akakaa kabla ya kusema jambo baya. Siku za mwanzo walisafisha, wakadunga, wakasubiri. Kisha akavuta kiti. Akawaambia kwamba sumu inapanda, kwamba mguu ule usipokatwa chini ya goti itaingia kwenye damu, na ikishaingia kwenye damu hatakuwa na cha kukata. Hataki kuwaficha. Ila mgonjwa ana akili zake timamu, na neno ni la mgonjwa.

Mama akasema anataka kufikiri. Akasema pia kwamba hataki kuja kuzungukwa na watu wa koti jeupe mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anamuuliza upya, anambembeleza upya. Atasema mara moja, kwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mwanawe. "Jibu langu atawaletea yeye." Daktari akakubali, akaomba tu lisichelewe.

Sema Tena akarudi kwenye pikipiki yake. Hakuthubutu kumuuliza mama anaelekea wapi. Alimjua. Mguu ule kwake haukuwa mguu tu. Ndio uliomlisha mtoto, ndio uliompeleka shule, na alishawahi kusema, siku walipopita mlemavu mmoja njiani, kwamba yeye siku akishindwa kukanyaga cherehani wamwache afe, wasimwekee hata mto. Mwanawe alitaka kitu kimoja tu hapa duniani, mama aishi. Na hakuwa na la kufanya ila kuendesha pikipiki na kungoja simu.

Kwenye hangaiko hilo mfuko wa spika wa upande wa kulia ukafumuka. Mvua, jasho, kuvaa na kuvua, uzi ukaachia. Mwenye kuushona alikuwa kitandani hospitali. Kulikuwa na washonaji wengine wengi mtaani, lakini kumpa mwingine kazi ile alikuona kama kumgawa mama yake angali hai, na hilo hakuliweza. Akabandika kwa gundi. Gundi ikaachia. Akabandika kwa plasta ya vidonda aliyoomba kwa muuguzi, na spika ikawa inateremka taratibu mpaka kwenye taya, anairudisha, inateremka. Ya kushoto nayo ikaanza kulegea. Mama, mtu wa kazi yake, alimuuliza akiwa kitandani kama mifuko bado inashika.

"Inashika, mama," alimwambia. "Nakusikia kama umo humu ndani."

Angesema nini? Mgonjwa amelala anafikiria kukatwa mguu, umwambie uzi wake umeoza? Ulikuwa uongo mdogo, wa kumtuliza, kama ule tunaosema sote wodini kwamba umependeza leo.

Siku ya tatu tangu daktari avute kiti, simu ililia akiwa barabara kuu, upepo wa ubavu, lori mbele yake linatema moshi. Aliona ni mama. Akabonyeza kitufe cha kupokelea simu kando ya helmeti.

Sauti ilikuja ndogo, ya mbali, ya mtu anayepumua kwa kazi. "Uko wapi?"

"Njiani, mama. Nakusikia."

"Ukimbize."

Hivyo ndivyo alivyosikia. Ninyi mliokaa mahali pakavu mmeshaelewa. Yeye alikuwa na lori mbele, upepo ubavuni, spika kwenye taya, na moyo uliokuwa unadunda tangu aone jina kwenye simu. Alifikiri, mama leo ana haraka, jambo limefika. Akavuta mafuta. Pikipiki ikaruka, na upepo, ambao ndio uliokuwa mwizi tangu mwanzo, ukaongezeka maradufu.

"Nimefikiri," mama alisema. "Waambie wanikate."

Furaha ilimjaa mpaka akashika usukani kwa nguvu asianguke. Alitaka kusema sema tena. Maneno yalishafika mdomoni, ndiyo maneno aliyoyazoea kuliko jina lake. Lakini alikumbuka anayeongea naye ni nani, alikumbuka pumzi ile inavyomgharimu, alikumbuka amemwambia anamsikia kama yumo ndani. Na zaidi ya hayo yote, alikuwa amesikia alichokuwa akikiomba. Nani anarudisha kitu alichokiomba ili kikaguliwe?

"Una hakika, mama?"

"Nimeshasema." Kisha, baada ya pumzi mbili, "Unililie."

Simu ikakatika. Neno hilo la mwisho lilimshangaza, maana mama hakuwa mtu wa kuomba machozi ya mtu. Akafikiri ugonjwa umemlainisha. Akalia, kama alivyoambiwa, mwendo uleule, machozi yakaingia kwenye kibwebwe cha bitana.

Alimpigia Redio akamwambia mzigo utachelewa, akakata kabla Redio hajaanza. Alipofika wodini mama hakuwepo tena kwa akili. Homa ilikuwa imepanda ghafla, anaongea na watu wasioonekana, anamwamuru mtu fulani apunguze upindo wa sketi. Daktari alikuja mbio. Akauliza kama mgonjwa aliwahi kutoa jibu.

"Amenipa," Sema Tena alisema. "Amesema mumkate."

"Kwa maneno yake mwenyewe?"

"Kwa maneno yake. 'Waambie wanikate.' Sasa hivi tu, kwenye simu."

Akaonyeshwa pa kuweka sahihi, akaweka. Wakamwingiza mama chumba cha upasuaji kabla ya saa ya chakula cha mchana kwisha. Mwanawe alikaa kwenye benchi la korido na helmeti kichwani, kioo kimeshushwa, na wapita njia wakadhani ni mwendesha pikipiki asiye na adabu.

Homa ilichukua siku kadhaa kuondoka. Ilipoondoka mama alifungua macho asubuhi, akamtambua, akaomba maji. Alipokwisha kunywa aliteremsha mkono chini ya shuka, polepole, akapapasa goti, akaendelea, na mkono ukafika mahali ambapo hapakuwa na kitu. Ukabaki palepale. Akamtazama mwanawe.

"Nilikuambia nini?"

"Ulisema wakukate, mama."

"Nilisema wasinikate."

Ile "si" aliisema taratibu, akaikalia kidogo kabla ya kuiachia. Ghafla maneno yote ya simu ile yalijipanga upya kichwani mwa Sema Tena, usikimbize, wasinikate, usinililie, kila moja na kipande chake kilichokuwa kimepotea, na akaelewa kwamba hakutii hata moja. Alisema hakusikia. Alisema upepo, mama, ile "si" sikuisikia. Mama alimtazama kwa macho makavu, akamkumbusha kwamba yeye alikuwa anamsikia kama yumo humo ndani. Kisha akageukia ukutani.

Daktari alikuwa na furaha. Alimwambia Sema Tena kwenye korido kwamba wangechelewa siku moja zaidi wangekuwa wanaongea mengine, kwamba amefanya vizuri kuleta jibu upesi. Akashangaa kuona mtu anayeambiwa mama yako amepona amesimama kama amesomewa hukumu. Sema Tena hakumweleza. Daktari angefanya nini, aushone mguu mahali pake?

Mama akarudi nyumbani. Majirani walikuja kumpa pole na hongera kwa pamoja, hawakujua waanze na ipi. Hakumwambia mtu yeyote juu ya simu ile. Alimjibu mwanawe kila alichomuuliza, alikula alichompikia, alimruhusu amfunge bandeji, na yote hayo aliyafanya kama mtu aliyepanga chumba kwa watu asiowajua. Simu ya mchana ikakoma. Fundi simu alileta mota ndogo ya umeme ya kufunga kwenye cherehani, akaeleza kwamba haitaki mguu, inataka kubonyezwa kidogo tu. Mama alimshukuru. Akasema mguu wake ulikuwa unajua kila kitambaa, mzito na mwepesi, na mota haijui. Mota ikawekwa chini ya kitanda, cherehani ikafunikwa shuka, na asubuhi majirani walichelewa kuamka.

Sema Tena hakuweza kuvumilia. Jumapili moja alikaa chini kibarazani mbele ya kiti cha mama, akamweleza kila kitu tangu uzi ulipoachia: gundi, plasta, spika kwenye taya, uongo aliomwambia wodini, lori, upepo. Aliongea kama mtu anayemwaga gunia. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, akanyoosha mkono.

"Lete."

Akamletea helmeti. Mama aliipindua, akaona mabaki ya gundi, akaona plasta iliyoshika nywele na vumbi, akabandua yote kwa kucha. Akaomba sindano na uzi. Akaishona upya mifuko yote miwili, mishono ya kubana kuliko ya kwanza, na alichukua muda wake. Mwanawe alimtazama na tumaini likamwingia, maana aliona anachunguza, aliona sasa anakiri kwamba mfuko kweli ulifumuka. Alipokwisha alikata uzi kwa meno.

"Vaa."

Akavaa. Mama akachukua simu yake kwenye stuli, akampigia. Walikuwa wametengana hatua chache, yeye kwenye kiti na mwanawe amesimama kwenye ngazi ya kibaraza, amefungiwa ndani ya helmeti mchana kweupe na pikipiki imezimwa.

"Waambie wasinikate," mama alisema kwenye simu.

Ikaingia masikioni pande zote mbili, nzima, kila herufi mahali pake.

"Umesikia?"

Angeweza kusema hapana. Alifikiria kusema hapana. "Nimesikia."

"Basi hata siku ile ulisikia."

"Mama, hapa hakuna upepo." Sauti yake mwenyewe ilimrudia ndani ya helmeti. "Na umeshaishona."

Mama akateremsha simu mapajani. Sasa aliongea kwa mdomo tu, na mwanawe alilazimika kuinua kioo ili amsikie.

"Ulitaka niishi," alisema. "Ulisikia, ukaimeza, ukawaambia ulichotaka wewe. Mtoto akimkaidi mama yake kwa kuogopa kumpoteza, nitamnunia, halafu nitapoa. Hilo naweza kukaa nalo. Lakini ukiniambia mguu wangu umeondoka kwa sababu ya upepo, baba, kwa sababu ya uzi, uzi nilioushona mimi, hilo sina pa kuliweka." Akarudisha simu kwenye stuli. "Usiniambie tena hukusikia. Niambie ulisikia."

Mtu aliyesimama kwenye ngazi alitafuta ukweli ndani yake akakuta haupo tena mahali alipouacha. Amerudia simu ile kichwani mara nyingi mno. Kuna siku aliisikia bila "si", na kuna siku, akiwa kitandani, aliisikia nayo, hafifu kabisa nyuma ya mngurumo, na hakujua kama ni kumbukumbu au ni yeye mwenyewe ameishona mahali pake baadaye. Mama alikuwa anamngoja. Mikono ilikuwa imetulia juu ya goti la mguu uliokatwa.

"Nilisikia, mama," alisema.

Mama akaitikia kwa kichwa mara moja, kama anavyofanya kipimo kinapokubali. Akamwambia avue helmeti, ataugua joto.

Kesho yake mchana, akiwa barabara kuu na mzigo wa dawa nyuma, simu ililia. Hakupunguza mwendo, alibonyeza tu kando ya helmeti.

"Uko wapi? Usikimbize."

Upepo ulikuwa mkali, na lori lilikuwepo, na "si" ilifika bila kasoro. Alijibu kwamba anasikia. Kisha akasimama pembeni mwa barabara, akazima pikipiki, akakaa juu yake na helmeti kichwani, akingoja mama aongeze neno, lakini alikuwa ameshakata.